Ringi Iliyopinda

Mwanasiti ananiuliza, daftari magotini:
jiwe lililotulia miaka na miaka
kati ya Mirihi na Mshtarii
linaachaje njia yake, lije likatize yetu?
Mwalimu Semkiwa kasema "uwiano wa mizunguko,"
kisha kengele ikalia.

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Mizunguko ndiyo ugali wangu.
Nishikie hii ringi. Izungushe. Unasikia?
Cha. Cha. Cha.
Kila ikizunguka inagusa breki palepale.
Mara moja si kitu. Mara mia si kitu.
Lakini palepale, mwanangu, palepale,
mpaka spoki moja inalegea, ya pili inaitikia,
gurudumu linayumba
na kumtupa mwenyewe mtaroni, kule Chuda, na trei yake ya mayai.

Basi Mshtarii ni jirani mzito.
Jiwe likizunguka mara tatu, yeye mara moja,
na wakipishana wanapishana palepale,
naye analipiga kikumbo. Hakukusudia.
Kikumbo kidogo, cha kusalimiana.
Duara linavutika, linakuwa yai,
na siku moja ncha ya yai inavuka Mirihi,
siku nyingine inafika kwetu.
Siku, nasema mimi.
Kwenye daftari imeandikwa: mamilioni ya miaka.

"Na nani alilipeleka jiwe penye kikumbo?"
Weka kiganja ukutani.
Jua limezama tangu saa ngapi? Na ukuta bado wa moto.
Jiwe nalo hulishwa jua mchana wake,
likageuka, jioni yake ikalitema lile joto,
na pumzi hiyo, nyepesi kuliko ya mtoto anayepuliza uji,
inalisogeza.
Kutoka hapa hadi dukani kwa Bi Rukwia, kwa mwaka mzima.
Halina haraka. Halina pa kulala.

Nyota za mkia ni habari nyingine.
Hizo ni za baba yako.

Mntambo aliuza barafu:
bonge zima kwenye keria, gunia, pumba za mbao,
kuleta huku kwenye harusi na misiba.
Alikotoka, kwenye baridi, hakuna aliyemwona.
Akilikaribia joto la watu ndipo anang'aa,
ndipo anaanza kuvuja,
mchirizi ukikata Barabara ya Tano, ya Sita, ya Saba,
watoto wakiukanyaga peku, wanapiga kelele,
nami na pampu yangu
nikaona ringi yake ya nyuma imepinda.
Sikuikaza vizuri. Ndiyo, kusudi.
Akarudi. Akarudi tena.
Kila akirudi, bonge limepungua.

"Mama, mkia wa nyota haufuati nyuma.
Jua ndilo linaupeperusha."
Wa baba yako ulikuwa nyuma. Nilikuwepo.

Anakaa kimya, kisha kwa sauti ndogo:
"Kwa hiyo lazima tugongwe?"
Kukatiza si kugongana.
Hesabu waliopita njia panda hii tangu alfajiri.
Lazima wote wawili mfike sekunde ileile.
Mengi huishia juani.
Mengine Mshtarii huyarusha nje kabisa,
kama kiwanda kilivyonunua gari
na baba yako akajikuta Kahama, migodini,
simu mbili kwa mwaka.
Wako watu wanaokesha wakihesabu
nani atapita wapi, lini.
Mimi nilihesabu Ijumaa tu.

Anaandika: tatu kwa moja.
Anafunga daftari, anaizungusha tena ringi,
cha, cha,
anainamisha sikio, anapapasa kopo la spana.
Legeza upande wa pili kwanza, namwambia.
Hiyo ya mzee Kihiyo, anaifuata saa moja.
Hiyo tunaikaza kweli.